Sanda Iliyowahi Kufika

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini siwezi kulitaja hapa, kwa sababu robo hii ya mwaka jina limekodishwa na kampuni ya sabuni na anayelitaja bila kibali anashtakiwa. Robo iliyopita tulikuwa na jina la betri. Sisi wananchi hatuna neno. Wimbo wa taifa ni uleule, tunabadilisha tu pale pa kutaja jina, na watoto wa shule wanalishika haraka kuliko sisi wakubwa.

Tunayo pia Wizara ya Mwaka Ujao. Nasikia nchi nyingine zina wizara za kilimo, za maji, za mambo yaliyopo. Viongozi wetu waliona mambo yaliyopo yana malalamiko mengi, wakahamia mwaka ujao, ambako mpaka leo hakuna mtu aliyelalamika. Kila Desemba Waziri huhutubia taifa na kutangaza mielekeo ya biashara ya mtandaoni kwa mwaka unaokuja. Mwelekeo ukishatangazwa unakuwa sheria, na asiyeelekea anaelekezwa.

Mimi naitwa Shomari Kibindo, fundi makochi. Nina mke mmoja, Bi. Mize, na mtoto mmoja, Zawena. Nasema haya mapema ili mjue nilikuwa napigania nini. Zawena alikuwa anaolewa na Haruna Ijumaa ya pili ya mwezi wa tatu, na mimi baba yake ndiye niliyekuwa walii, yaani ndiye wa kumwoza kwa kinywa changu mbele ya sheikh na mashahidi. Sina cheo, sijawahi kusimama mbele ya watu nikasema jambo likawa. Hilo moja lilikuwa langu. Nilifanya mazoezi miezi minne mle karakanani, nimeshika mkono wa kochi kana kwamba ni mkono wa bwana harusi, nikisema, "Nimekuoza binti yangu Zawena." Karibu makochi yote ya wateja wangu yameshamwoa Zawena.

* * *

Waziri wetu wa Mwaka Ujao ni Mheshimiwa Limbanga. Ni mtu wa mbele kweli. Ukimuuliza kuhusu barabara iliyokatika jana, anakuangalia kwa huruma na kusema, "Hilo ni la mwaka huu," kisha anaendelea na safari yake kwa barabara nyingine.

Desemba ile alitukusanya uwanjani. Akapanda jukwaani, akatoa karatasi, akaikunja tena, kwa sababu kusoma hotuba ni mwelekeo wa zamani.

"Ndugu wananchi," akasema, "mwaka unaokuja hakuna mtu atakayeuliza bei. Kuuliza bei ni dalili ya kutojiamini. Duka Kuu la Taifa Mtandaoni litakutazama usoni kupitia simu yako na litajua lenyewe likupe bei gani."

Tukapiga makofi.

"Muuzaji hatakuwa tena mwanadamu mwenye hasira zake. Atakuwa mashine yenye adabu, itakayokuita kwa jina ulilokuwa ukiitwa utotoni. Kila familia itakuwa na kikapu kimoja. Kikapu kikikamilika, usafiri ni bure. Kikiwa na pengo, kila mtu atajibebea. Na kila atakayepokea mzigo atatoa maoni. Nyota ni lazima, maneno ni hiari. Asiyetoa nyota hapati mzigo unaofuata."

Tukapiga makofi zaidi. Waziri akanyoosha mkono kututuliza.

"Sasa nawapa mwelekeo mkuu. Mwaka ujao mteja hataagiza. Kuagiza ni usumbufu wa karne iliyopita. Duka litajua unachohitaji kabla wewe hujajua, na litakuwa limekituma kabla hujakihitaji. Huo ndio Utabiri wa Mahitaji. Kazi ya familia ni kuthibitisha tu. Wanakuletea, unashukuru, umemaliza."

Hapo tulishangilia mpaka tukakauka koo. Waziri akatuambia tuache, makofi hayo alishayapokea mwaka ujao.

Baada ya hotuba akaitwa shuhuda, na shuhuda nilikuwa mimi. Nilikuwa kwenye majaribio. Wiki mbili kabla, misumari yangu midogo ya kugongea vitambaa ilinihadaa ikaisha katikati ya kazi, na kabla sijanyanyuka kwenda sokoni, Duka likaniletea pakiti mlangoni. Likanisalimu kwa sauti laini, likaniita Chomi. Hilo ndilo jina aliloniita marehemu mama yangu. Tangu afe sijalisikia, nimewahi tu kumsimulia Zawena alipokuwa mdogo anaugua surua. Nilifurahi sana, hata sikujiuliza Duka limelipata wapi.

Basi nikashika kipaza sauti nikaliambia taifa, "Duka linanijua kuliko mke wangu."

Watu wakacheka. Redio ikayarudia maneno yale wiki nzima. Bi. Mize naye wiki nzima alipika bila kuniuliza ninataka kula nini. Nikiuliza kuna nini leo, ananijibu, "Kaliulize Duka."

* * *

Mzigo ulikuja Jumanne ya katikati ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi.

Mizigo ya nchi hii inasambazwa na walimu wastaafu wa jiografia, kwa sababu nyumba zetu hazina namba na wao peke yao wanajua kufika. Mtaani kwetu anakuja Mwalimu Chilongani. Aliegesha baiskeli yake, akavaa miwani, akasoma karatasi.

"Hapa ndipo kwa marehemu Shomari Kibindo?"

"Hapa ni kwa Shomari Kibindo," nikamwambia. "Ndiye mimi."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama tena karatasi. Naona karatasi ndiyo iliyomridhisha.

"Basi nimewahi," akasema. "Samahani sana, Mzee Shomari. Huwa tunajitahidi tusiwahi mno."

Nilifungua boksi palepale kizingitini. Ndani kulikuwa na sanda nyeupe iliyokunjwa vizuri, pamba, kafuri, marashi na udi. Juu kulikuwa na kadi: "Ndugu mteja, tumeona hutahitaji kitu kingine. Asante kwa kuwa nasi."

"Mwalimu," nikasema, "rudisha."

"Haurudi. Umeshathibitishwa na mtu wa familia."

"Mtu gani wa familia?"

"Hiyo ni siri ya mteja. Hata mimi wananificha." Akavua kofia, akanipa mkono. "Poleni sana," akaniambia, akapanda baiskeli akaenda.

Nilibaki nimesimama na boksi mkononi. Sikuogopa kufa. Nilichofikiria ni ile Ijumaa, kwa sababu hata mimi najua kwamba maiti haozi mtu.

* * *

Mtaani tuna chama cha kuzikana, na mwenyekiti wake ni Bwana Kapilima, mtu hodari sana. Kanuni ya chama chetu ni moja: sanda ikiingia nyumbani, ndani ya saa moja mikeka iwe chini na turubai liwe juu. Hatuulizi maswali, maana kumuuliza mfiwa maswali ni ukosefu wa adabu. Kanuni hii niliiandika mimi mwenyewe, nilipokuwa katibu.

Nilikuwa nakunywa chai wakati wanafunga kamba.

"Kapilima," nikamwita, "mimi hapa."

"Nimekuona, Mzee Shomari," akasema, huku anakaza fundo. "Lakini turubai limeshapanda. Likishapanda halishuki kabla ya siku tatu. Unaijua kanuni."

Naijua. Kwa hiyo nikakaa kwenye matanga yangu siku tatu. Siku ya kwanza watu walinisifu sana, nikaona kumbe nimeishi vizuri. Siku ya pili wakaanza kukumbuka zaidi. Jirani mmoja akasema marehemu alikuwa fundi mzuri, ila kochi lake lilikaa karakanani miezi saba. Nikainua mkono kueleza kwamba kitambaa chenyewe alichelewa kukileta yeye. Kapilima akaniinamia akaninong'oneza, "Tafadhali, leo si siku yako ya kusema."

Saa saba ya mchana ule wa kwanza alirudi Mwalimu Chilongani na boksi jingine, refu, lenye utepe. Ndani lilikuwa gauni la harusi la Zawena. Wanawake waliokuwa wanalia wakaacha kidogo, wakapiga vigelegele, gauni likapelekwa ndani, kisha wakaendelea kulia. Bi. Mize alilia na kupiga vigelegele kwa zamu, masikini, mpaka sauti ikamkauka.

Mimi nilikaa kwenye mkeka nikiwatazama watu wa mtaa wangu. Nimeishi nao miaka thelathini. Nimechimba makaburi ya baba zao kwa mikono hii, nimewashonea makochi waliyokalia siku za posa. Hakuna hata mmoja aliyesimama akasema, jamani, mtu huyu tunamwona. Iliniuma zaidi ya sanda yenyewe. Walikuwa wananipitishia sahani ya wali, na huku wananililia.

* * *

Turubai liliposhuka, nilikwenda mjini kwenye Idara ya Marejesho. Foleni ilikuwa imekunja kona. Mbele yangu alikuwepo bwana mmoja aliyeletewa magongo ya kutembelea, ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Tangu ayapokee alikuwa anashuka ngazi kwa kukaa, ngazi moja moja, ili asije akayahitaji. Nyuma yangu alikuwepo bibi wa miaka sitini na miwili aliyeletewa nguo za kichanga. Mume wake alikuwa amekaa pembeni, hamsemeshi.

Afisa aliyenihudumia aliitwa Bi. Apolonia. Alikuwa mtaratibu sana, ana kucha fupi na kompyuta kubwa.

"Utabiri haujakosea hata mara moja," akaniambia. "Kuna waliowahi na kuna wanaosubiri. Ngoja nikuonyeshe." Akageuza kioo. "Mwaka jana hukununua kalenda ya mwaka unaofuata."

"Kalenda hainunuliwi, mama," nikasema. "Tunapewa bure na duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni. Kila mwaka naenda kuiomba, wananizungusha mpaka Januari iishe, mwisho wananipa. Nani katika nchi hii amewahi kununua kalenda?"

Bi. Apolonia akaandika, huku anatamka polepole, "Mteja anakiri hana mpango wowote na mwaka ujao." Kisha akaendelea. "Ulinunua betri moja."

"Redio inatumia mbili. Moja ilikuwa bado nzima."

"Ulinunua sukari robo. Na mwezi wa kumi, tarehe tisa, ulisema kwa sauti karibu na simu: mgongo huu utanimaliza."

"Huo ni usemi tu. Nilikuwa nimeinama chini ya kochi."

"Duka halina usemi," akasema. "Na hii je, si sauti yako?" Akabonyeza mahali. Nikajisikia nikitangazia taifa kwamba Duka linanijua kuliko mke wangu, na watu wanacheka.

Nikamuuliza utaratibu wa kufuta.

"Njia ni mbili," akasema. "Ya kwanza, aliyethibitisha ajitokeze mwenyewe aondoe uthibitisho. Akiondoa, kikapu kizima cha familia kinarudi ghalani. Ya pili, mteja atimize haja. Wengi wanaona ya pili ina usumbufu mdogo."

"Na sasa hivi mimi ni nani?"

"Kwenye daftari la taifa umeshatangulia. Lakini usihofu, haki zako nyingi zimebaki. Utaendelea kulipa kodi ya karakana. Simu yako itafungua Duka, utatazama tu, hutanunua. Na kupiga kura utapiga kama kawaida, marehemu wetu hatujawahi kuwanyima kura."

"Na kumwoza binti yangu?"

Bi. Apolonia akashtuka kweli. "Hapana, mzee. Walii lazima awe hai. Serikali haiwezi kuchezea dini za watu."

* * *

Aliyefuata kwa uwalii nyumbani kwetu ni mdogo wangu Mfaume, kwa sababu baba yetu hayupo na mimi sikupata mtoto wa kiume. Mfaume anapenda kusimama mbele za watu tangu utotoni. Kwenye misiba anasema, kwenye sherehe anasema, na palipo kimya anauliza kama pana msemaji. Niliunganisha mambo, nikaona jibu limekaa wazi.

Nilimkuta barazani kwake anapasua kuni.

"Mfaume, umenizika kwa sababu ya dakika mbili za kusimama mbele ya sheikh?"

Akaweka shoka chini. "Kaka, unasema nini?"

"Nani mwingine alithibitisha? Nani anayefaidika?"

"Naapa kwa Mungu, mimi sikugusa. Simu yangu yenyewe imepasuka kioo, napokea tu, sioni anayepiga."

"Tangu tukiwa watoto ulikuwa unaninyang'anya," nikamwambia. "Ulininyang'anya gololi, ukaninyang'anya kitanda cha dirishani. Sasa umechukua na hili."

Mfaume alilia. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, alilia mbele ya mke wake. Mimi nilimwona kama mnafiki, nikaondoka bila kuaga. Zikapita siku tisa simsalimii.

Nilikwenda kwa Sheikh Ubwa, aliyenifundisha yale maneno ya kuoza. Alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa.

"Mbele ya Mungu wewe ni hai, Shomari, hilo sina shaka nalo," akasema. "Shida yangu ni kidude hiki." Akanionyesha mashine ndogo waliyoletewa na Wizara. Siku hizi cheti cha ndoa kinauzwa ndani ya kikapu kimoja na gauni na kadi, na hakitoki mpaka walii aweke dole gumba. "Weka tujaribu."

Nikaweka. Kidude kikafikiri, kikajibu kwa sauti ya upole, "Poleni kwa msiba."

Sheikh akakifuta kwa kanzu, nikaweka tena. Kikatupa pole kwa mara ya pili. Tukamalizia kahawa yetu.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Zawena alikuja karakanani. Hakuwa na kawaida ya kuja. Akakaa kwenye kochi la mteja, akaanza kuvuta uzi wa mshono kwa kidole.

"Baba, msamehe baba mdogo. Si yeye."

"Ni nani basi?"

"Ni mashine tu, baba." Akaendelea kuvuta. "Baada ya harusi tutalishughulikia. Sasa hivi gauni limefika, kadi zimeshatoka, akina Haruna wameshaalika watu. Tukianza kurudisha vitu sasa hivi itakuwaje?"

"Sitaki kurudisha gauni lako, mwanangu. Nataka nikuoze tu."

Aliuvuta ule uzi mpaka mshono ukaachia na sponji ikatoka nje. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana uchungu na baba yake. Alipoondoka niliushona upya mshono ule, nikiwa na faraja kwamba nyumbani kwangu nina mtu mmoja anayeumia pamoja nami.

* * *

Harusi ilipendeza sana. Kwa kuwa ilikuwa ya kwanza kutoka katika kikapu kimoja, Mheshimiwa Limbanga alifika mwenyewe na wapiga picha wanne. Palitokea mjadala kidogo kuhusu mahali pa kuniweka. Bwana Kapilima, ambaye anaheshimu taratibu, alisema marehemu hawezi kukaa safu ya mbele, watu watashindwa kula. Nikapewa kiti kizuri nyuma, karibu na jiko la pilau.

Waziri alitoa nasaha. Alisema ndoa hii ni ya mwaka ujao. Kisha akashusha sauti.

"Namkumbuka pia baba wa bibi harusi. Marehemu alikuwa shuhuda wetu wa kwanza. Angekuwepo leo, angefurahi."

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nimeshika sahani. Nikasimama. "Mheshimiwa," nikasema, "nipo."

Watu wote wakageuka. Waziri akanitazama kwa ile huruma yake.

"Hilo ni la mwaka huu," akasema, akakaa.

Kisha Mfaume akasogea mbele ya sheikh. Akashika mkono wa Haruna. Hakunitazama. Maneno hakuwa ameyashika kichwani, alipewa simu ayasome. Akafika kwenye "nimekuoza binti ya" na hapo simu ikaingiza tangazo la magodoro. Haruna ameshikwa mkono, sheikh amefumba macho, mashahidi wametulia, godoro linatangazwa mpaka likaisha. Mfaume akaendelea kusoma, akamtaja "marehemu kaka yangu" kama alivyoandikiwa.

Pale jikoni nami nilikuwa nasema. Nilikamata mpini wa upawa uliokuwa umeegeshwa kwenye sufuria, nikasema maneno yote kwa sauti ndogo, bila kukosea hata moja. Nimekuoza binti yangu Zawena.

"Unaongea na nani, mzee?" mpishi akaniuliza.

"Ninamwoza binti yangu."

"Haya. Sogea kidogo, nataka kugeuza wali."

Nikamwachia upawa wake. Vigelegele vilipigwa, kidude cha sheikh kikatoa cheti, na kila mtu akasema tangu zamani hajaona harusi iliyokwenda kwa wakati namna ile.

* * *

Wiki moja baadaye nilikuwa karakanani peke yangu. Nilifungua Duka kwenye simu, kutazama tu, kama nilivyoruhusiwa. Nilitafuta ile sanda. Nilitaka nione picha yake, nione wanaisifiaje, labda nipate mahali pa kuandika kwamba kwangu ilikosea mtu.

Chini ya picha kulikuwa na maoni ya wateja. Yalikuwa mengi, nchi yetu ni kubwa. Mengi yalikuwa nyota tupu bila maneno, kama sheria inavyodai. Nikawa napandisha kwa kidole, nyota tano, nyota nne, nyota tano, mpaka nikaliona jina ninalolijua, kwa sababu nililichagua mimi.

"Zawena Shomari. Mnunuzi aliyethibitishwa. Nyota tano. Kitambaa kizito, cheupe kweli kama kwenye picha. Kimefika siku moja na gauni langu, kwa hiyo kikapu kilikamilika na usafiri ukawa bure. Baba angekipenda."

Nilisoma mara tatu. Tarehe yake ni siku ya kwanza ya matanga, saa tisa alasiri. Saa tisa ile mimi nilikuwa kwenye mkeka nje, na yeye alikuwa ndani anajaribu gauni. Dirisha lilikuwa wazi. Angeniita ningesikia.

Sitasema nilikasirika. Nilisalitiwa, na kusalitiwa kuna uzito wake mwingine, unakaa kifuani palepale bila kuhama. Serikali ilinizika, nikasema ni serikali. Mtaa ukanizika, nikasema ni kanuni, tena niliiandika mimi. Mdogo wangu nilimtukana bure mbele ya mke wake. Lakini huyu nilimlinda usiku na mchana alipougua surua, nikamsimulia kila kitu nilichokuwa nacho mpaka jina aliloniita mama.

Nimejaribu kumtetea. Nimejiambia kwamba asingetoa nyota, ushungi wake, uliokuwa mzigo unaofuata, usingefika, na bibi harusi hawezi kutoka bila ushungi. Hilo nalielewa kabisa. Nyota ni lazima. Maneno ni hiari.

Kesho yake nilikwenda kwa Mfaume kuomba radhi. Hakufungua mlango. Mke wake alinijibu kupitia dirisha kwamba shemeji yake alishafariki na walishamlilia.

Lakini hiyo ilikuwa kesho yake. Siku ile karakanani bado nilikuwa nimeshika simu. Chini ya maneno ya Zawena kulikuwa na swali ambalo Duka humuuliza kila msomaji, hata anayeruhusiwa kutazama tu: "Je, maoni haya yamekusaidia?"

Nikabonyeza Ndiyo.

"Asante, Chomi," likasema.